Kuchunguza Uvunjaji wa Asidi Nukleiki kwa Hamira ya Lachancea kluyveri: Mwongozo wa Maabara

Hamira ambayo kila maabara ya biolojia inaifahamu, Saccharomyces cerevisiae, ndiyo inayoumua mkate na kuchachusha bia, na mengi tunayoyajua kuhusu seli zenye kiini yalijulikana kwanza kwayo. Hata hivyo, lipo jambo moja la msingi ambalo haiwezi kutufundisha: jinsi seli inavyozivunja besi za pirimidini, yaani sehemu za RNA na DNA ambazo urasili ni mojawapo, hadi kupata nitrojeni iliyomo ndani yake. Ukiipa urasili peke yake kama chanzo cha nitrojeni, haioti. Urasili huingia ndani ya seli bila shida, na huko hugeuzwa kuwa uridini monofosfati ili itumike upya kutengeneza RNA, lakini hatua za kuivunja zaidi ya hapo hamira hii haina. Anayetaka kuuchunguza uvunjaji huu hana budi kutafuta hamira nyingine.

Mwongozo huu unahusu mojawapo ya hamira hizo, Lachancea kluyveri, ambayo huota kwa urasili na pia kwa dihidrourasili, yaani urasili iliyoongezewa hidrojeni. Umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mwalimu wa chuo au mtafiti ambaye maabara yake ina inkubeta, mashine ya kuzungusha sampuli na spektrofotomita, na ambaye hana uhakika wa kupata vifaa vya gharama kubwa zaidi. Nina imani kwamba sehemu kubwa ya kazi hii inaweza kufanyika vizuri katika maabara ya namna hiyo, kwa kuwa swali lake kuu, kama seli inaota au haioti, hujibiwa kwa macho. Kinachohitajika sana ni uangalifu katika kupanga jaribio, na ndiyo sababu nimetumia nafasi kubwa kueleza maandalizi.

Hamira yenyewe na njia mbili zilizomo ndani yake

Spishi hii ilielezwa mwaka 1956 na ikapewa jina la Albert Jan Kluyver, mwanamikrobiolojia wa Delft, Uholanzi. Kwa miaka mingi iliitwa Saccharomyces kluyveri, hadi mwaka 2003 ilipohamishiwa katika jenasi ya Lachancea. Msomaji anayetafuta maandiko atafute kwa majina yote mawili, kwa sababu kazi nyingi za msingi kuhusu uvunjaji wa pirimidini zimeandikwa kwa jina la zamani, hata zile zilizotoka baada ya mwaka 2003. Ina kromosomu 8 na jenomu ya takriban besi jozi milioni 11, ambayo mfuatano wake umeshasomwa na uko wazi kwa kila mtu. Nasaba (strain) ya kielelezo, CBS 3082, imehifadhiwa katika mkusanyiko wa Taasisi ya Westerdijk iliyoko Utrecht, na nasaba hiyohiyo imo pia katika mkusanyiko wa NRRL ulioko Peoria, Marekani, kwa namba Y-12651.

Kundi lililofanya kazi nyingi zaidi juu ya suala hili liliongozwa na Jure Piškur, mwanasayansi kutoka Slovenia aliyefanya kazi Denmark na baadaye katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, hadi alipofariki mwaka 2014. Kuanzia mwaka 2000 kundi hilo na washirika wake walibainisha jeni moja baada ya nyingine. PYD2 hutoa kimeng'enya kinachoifungua pete ya dihidrourasili na kuifanya kuwa N-karbamoili-beta-alanini. PYD3 hutoa kimeng'enya kinachoikata hiyo ikawa beta-alanini, amonia na kaboni dioksidi. PYD4 hutoa kimeng'enya kinachoiondoa nitrojeni iliyosalia katika beta-alanini na kumkabidhi mpokeaji mwingine. Hatua za PYD2 na PYD3 zinafanana na hatua ya pili na ya tatu ya uvunjaji wa urasili katika ini la binadamu. Hatua ya kwanza ya binadamu, ile ya kuipunguza urasili kuwa dihidrourasili kwa kuiongezea hidrojeni, L. kluyveri haina.

Hapo ndipo penye funzo kubwa la hamira hii. Kwa kuwa inaota kwa urasili, na inaota pia kwa dihidrourasili, ilikuwa rahisi mno kudhani kwamba ya kwanza hugeuka kuwa ya pili, kama ilivyoaminika kwa viumbe vyote vyenye seli za kiini. Mwaka 2008 kundi la Piškur lilionyesha kwamba sivyo. Urasili katika hamira hii hupita njia nyingine kabisa, iliyopewa jina la URC, ambayo maeneo sita ya jenomu, URC1 hadi URC6, yanahusika nayo. URC6 huunganisha urasili na sukari yenye fosfati ili kupata uridini monofosfati. URC1 na URC4 ndizo kiini cha njia yenyewe. URC2 inaelekea kuwa jeni ya protini inayoamuru jeni nyingine ziwake. URC3 na URC5 ni sehemu za kimeng'enya kimoja kinachoivunja urea. Mwisho wa njia hiyo nitrojeni zote mbili za urasili hutoka kupitia urea na kuwa amonia, kaboni moja hutoka kama kaboni dioksidi, na kaboni tatu zilizosalia hutupwa nje ya seli zikiwa asidi ya 3-hidroksipropioniki.

Kwa hiyo ndani ya seli moja mtafiti ana njia mbili zinazoweza kutenganishwa: ya dihidrourasili, inayofanana kwa sehemu na ya binadamu, na ya urasili, ambayo jeni zake zinapatikana kwa fangasi kadhaa na kwa bakteria. Jaribio lote linalofuata limejengwa juu ya utengano huo.

Kuandaa lishe ya kuoteshea

Kosa linaloharibu majaribio ya aina hii kuliko mengine yote ni nitrojeni isiyotarajiwa. Seli inayohitaji nitrojeni kidogo itaipata katika agari isiyosafishwa vizuri, katika mabaki ya lishe ya awali, au katika akiba yake mwenyewe ya amino asidi, kisha itaota kiasi cha kumfanya mtazamaji aamini kwamba imekula urasili. Kila hatua hapa chini inalenga kuifunga milango hiyo.

Anza na mchanganyiko wa madini na vitamini unaouzwa kwa ajili ya kuoteshea hamira, na uhakikishe kwamba umenunua toleo lisilo na amino asidi wala amoniamu salfeti, kwa sababu matoleo haya hufanana majina na huchanganywa mara nyingi wakati wa kuagiza. Kwa lita moja ya lishe weka gramu 1.7 za mchanganyiko huo na gramu 20 za glukosi. Ongeza gramu 10 za asidi ya suksiniki na gramu 6 za sodiamu hidroksidi, ambazo kwa pamoja hushikilia pH karibu na 6. Usiache kuweka jozi hii ya kushikilia pH. Seli inayofyonza amonia hutoa asidi na kuichachusha lishe haraka, ilhali inayokula vyanzo vingine haifanyi hivyo kwa kiwango kilekile. Bila jozi hiyo utakuwa unalinganisha asidi, si nitrojeni.

Angalia pia kwamba bayotini imo katika mchanganyiko wako. Hamira hizi hazina urease kama ya maharage ya soya. Huivunja urea kwa kimeng'enya ambacho hakifanyi kazi bila bayotini. Anayeandaa vitamini zake mwenyewe na kuisahau bayotini ataona urea na urasili vyote havioteshi kitu, naye anaweza kutumia wiki nyingi akitafuta jeni iliyoharibika ilhali jeni zote ni nzima.

Sasa ongeza chanzo kimoja tu cha nitrojeni katika kila lishe. Watafiti wengi hutumia gramu 1 kwa lita ya kila kitu, na kwa jaribio la ndiyo au hapana katika sahani hilo latosha. Mimi napendelea kusawazisha kwa idadi ya atomu za nitrojeni, ili hata kiasi cha ukuaji kiweze kusomwa. Kwa milimola 10 za nitrojeni katika lita moja utahitaji gramu 0.56 za urasili, gramu 0.57 za dihidrourasili, gramu 0.66 za N-karbamoili-beta-alanini, gramu 0.89 za beta-alanini, gramu 0.30 za urea, au gramu 0.66 za amoniamu salfeti. Kwa kipimo hiki nitrojeni ndiyo inayokwisha kwanza na glukosi hubaki ya ziada, hivyo wingi wa mwisho wa seli huonyesha ni nitrojeni kiasi gani imepatikana. Andaa vilevile lishe isiyo na chanzo chochote cha nitrojeni. Hiyo ndiyo lishe muhimu kuliko zote, na jaribio lisilokuwa nayo halina thamani.

Urasili huyeyuka polepole katika maji baridi. Ipashe joto kidogo huku ukikoroga hadi maji yawe angavu. Dihidrourasili na urea usizipitishe katika mvuke wa nyuzi 121 pamoja na lishe, kwa sababu urea huachia amonia kwa joto kali na pete ya dihidrourasili inaweza kufunguka. Ziyeyushe kando, zipitishe katika chujio la mikromita 0.2, kisha uziongeze lishe ikiwa imepoa hadi takriban nyuzi 55. Kwa sahani tumia gramu 20 za agari iliyosafishwa kwa kila lita, na ikiwa bado unaona ukuaji katika sahani isiyo na nitrojeni, tumia agarosi, au ioshe agari yako mara kadhaa kwa maji yaliyotoneshwa kabla ya kuipika.

Kuandaa seli na kuzipanda

Otesha L. kluyveri kwa usiku mmoja katika lishe nono yenye asilimia 1 ya dondoo la hamira, asilimia 2 ya peptoni na asilimia 2 ya glukosi, kwa nyuzi 25 na kwa kutikiswa. Nyuzi 30 tulizozoea kwa S. cerevisiae si lazima hapa. Kazi nyingi za hamira hii zimefanywa kwa 25. Otesha S. cerevisiae sambamba, kwa hali ileile, kwa sababu ndiyo shahidi wako: lazima iote kwa amonia na urea, na lazima ishindwe kwa urasili na dihidrourasili. Kushindwa kwake kunakuhakikishia kwamba kemikali zako hazina uchafu wenye nitrojeni.

Zungusha seli zishuke chini, umwage lishe, uzioshe mara tatu kwa maji safi yaliyouawa vijidudu, kisha uziache kwa saa chache katika lishe isiyo na nitrojeni. Kuosha peke yake hakutoshi. Hamira huhifadhi amino asidi, hasa arijinini, ndani ya kilengelenge chake kikubwa, na akiba hiyo inaweza kuiwezesha kugawanyika mara chache hata pasipo chakula chochote cha nje. Saa hizo za njaa huipunguza akiba.

Pima wingi wa seli kwa nanomita 600, uzisawazishe hadi kipimo cha 1, kisha uzizimue mara kumi kumi hadi upate ngazi nne au tano. Dondosha mikrolita 5 za kila ngazi katika kila sahani, uache zikauke, uzifunge ili zisipoteze maji, na uzihifadhi kwa nyuzi 25. Amonia itaonyesha ukuaji mapema. Urasili na dihidrourasili huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo soma sahani zote katika siku ya tatu na tena katika siku ya tano, na upige picha kila mara kwa mwanga uleule. Ukuaji hafifu katika tone la kwanza pekee, lenye seli nyingi kuliko yote, usiuhesabu kuwa ni ukuaji, kwa kuwa hapo seli zinazokufa huzilisha zilizo hai. Tazama matone ya mwisho, ambako kila koloni imetoka katika seli moja iliyojitafutia yenyewe. Ukibaki na shaka, chukua koloni hiyo uihamishie katika sahani nyingine ya lishe ileile: akiba ya zamani haivuki uhamisho wa pili.

Kwa wanaotaka vipimo vya kina, rudia jaribio katika chupa za kiowevu na upime wingi wa seli hadi usiongezeke tena.

Jambo moja la kuonya juu ya nasaba zinazopatikana katika maabara za jenetiki. Nyingi zimeondolewa jeni ya URA3 ili iwe alama ya kuchagulia, na hivyo haziwezi kuishi bila kupewa urasili. Katika utafiti wa kawaida hilo ni jambo dogo. Hapa linaingia moja kwa moja katika swali lenyewe. Nasaba hiyo itahitaji urasili kidogo hata katika sahani ya dihidrourasili, na L. kluyveri inaweza kuila urasili hiyo kama nitrojeni. Miligramu 20 kwa lita zina takriban milimola 0.36 za nitrojeni, kiasi kinachotosha kuleta kivuli cha ukuaji katika sahani iliyopaswa kuwa tupu. Ni vyema kuirudishia nasaba jeni ya URA3 kabla ya kuipima, au kutumia tangu mwanzo alama nyingine, kama ile inayoipa seli ukinzani dhidi ya dawa ya jenetisini.

Kutafuta nasaba badilifu na kuzipanga

Ukiisha kuthibitisha kwamba hamira yako inaota inavyopaswa, unaweza kutafuta nasaba ambazo jeni moja ya njia hizi imeharibika. Hakikisha nasaba unayoanzia ni haploidi, yenye nakala moja ya kila jeni, la sivyo nakala nzima itaificha ile iliyoharibika. Kwa maabara isiyo na chemba ya kuvuta hewa nashauri kuziharibu jeni kwa mwanga wa urujuanimno (ultraviolet) wa nanomita 254 badala ya kemikali ya EMS, ambayo husababisha saratani na hudai utaratibu mkali wa kuiteketeza. Tandaza seli katika sahani za lishe nono, uzimulike kwa muda uliojaribiwa kabla ambao huacha takriban theluthi moja hadi nusu zikiwa hai, kisha uzifunike gizani kwa siku ya kwanza, kwa sababu mwanga wa kawaida huiwezesha hamira kuurekebisha uharibifu uliokusudiwa. Vaa miwani inayozuia urujuanimno na ufunike ngozi.

Makoloni yakishatokea, yanakili kwa kitambaa cha mahameli kilichouawa vijidudu kwenda katika sahani za amonia, urasili, urea na dihidrourasili. Koloni inayoota kwa amonia lakini ikashindwa katika mojawapo ya nyingine ndiyo unayoitafuta. Sipendekezi amino asidi ya prolini iwe kilinganisho pekee, ingawa hutumika sana, kwa kuwa hamira huivunja prolini ndani ya mitokondria kwa msaada wa mnyororo wa upumuaji. Seli yenye kasoro ya upumuaji itashindwa hapo kwa sababu isiyohusiana na pirimidini.

Usomaji wa matokeo hufuata mantiki ya ngazi. Nasaba inayoshindwa kwa dihidrourasili ikaota kwa N-karbamoili-beta-alanini imepoteza hatua ya PYD2. Inayoshindwa kwa zote mbili ikaota kwa beta-alanini imepoteza PYD3. Inayoshindwa kwa beta-alanini ina kasoro katika PYD4, na hapa vipimo vya kiowevu vilivyosawazishwa kwa atomu za nitrojeni huonyesha faida yake: ikiwa inapata tu amonia inayotolewa na hatua ya PYD3, basi katika dihidrourasili tunatarajia ifikie karibu nusu ya wingi wa seli wa nasaba nzima, kwa kuwa nitrojeni ya pili imebaki imefungwa katika beta-alanini. Katika sahani tofauti hiyo isingeonekana.

Upande wa pili, nasaba inayoshindwa kwa urasili na urea pamoja, huku ikiota kwa dihidrourasili, imepoteza kimeng'enya cha kuvunja urea. Inayoshindwa kwa urasili peke yake huku urea ikiiotesha ina kasoro mahali fulani kabla ya urea: URC1, URC4, URC6 au URC2. Kuzitenganisha hizi kwa sahani pekee hakuwezekani. Utahitaji kuzioanisha nasaba mbili mbili na kuona kama chotara wao hurudi kuota kwa urasili, ishara kwamba kila mzazi aliharibika jeni tofauti, au kuirudishia kila nasaba jeni nzima moja moja kwa plasmidi, yaani kipande kidogo cha DNA kinachobeba jeni hadi ndani ya seli.

Na sasa angalia nasaba ya PYD2 iliyopandwa katika urasili. Inaota. Tone hilo moja lililoota ndilo linalobatilisha dhana kwamba urasili lazima ipitie dihidrourasili, kwa maana kama ingepitia huko, kupotea kwa PYD2 kungeifunga njia. Ninapowafundisha wengine kazi hii husisitiza wapande mchanganyiko huo hata kama swali lao ni tofauti kabisa, kwa sababu hakuna njia nyepesi zaidi ya kuona kwamba kuota kwa vyanzo viwili hakuthibitishi kwamba kimoja kinazaa kingine.

Kufuatilia kemikali zenyewe

Ukuaji unasema nitrojeni imepatikana. Hausemi imepatikana vipi. Kwa hilo inabidi kupima lishe iliyobaki. Habari njema ni kwamba urasili hufyonza mwanga wa urujuanimno kwa nguvu karibu na nanomita 260, ilhali dihidrourasili, iliyopoteza kifungo maradufu ndani ya pete yake, haifyonzi hapo. Chukua sampuli ya mililita 1 kila baada ya saa kadhaa, uzungushe seli zishuke, kisha uzimue maji ya juu mara 100 kabla ya kupima. Lishe yenye gramu 0.56 za urasili kwa lita ikizimuliwa hivyo itasoma takriban 0.4, kiwango ambacho spektrofotomita ya kawaida hukisoma kwa uhakika. Pima pia chupa isiyopandwa kitu na chupa ya S. cerevisiae, ili uondoe mchango wa vitamini na wa nukleotidi zinazovuja kutoka seli zilizokufa. Tumia kikombe cha kwazi, kwa sababu plastiki ya kawaida na kioo huzuia mwanga huo.

Kipimo hiki kina mpaka unaopaswa kuukumbuka kila unapoandika matokeo. Kupungua kwa usomaji wa nanomita 260 kunaonyesha kwamba urasili imetoweka, lakini njia ya kuipunguza kwa hidrojeni na njia ya URC zote huondoa ufyonzaji huo. Ili kuzitofautisha, tafuta dihidrourasili yenyewe. Tia sampuli sodiamu hidroksidi ili kuifungua pete iwe N-karbamoili-beta-alanini, kisha uongeze kitendanishi cha dimethilaminobenzaldehidi katika asidi hidrokloriki, na rangi ya manjano itajitokeza. Fanya kipimo hicho bila alkali pia, kwani tofauti kati ya viwili ndiyo dihidrourasili. Urea hutoa manjano na kitendanishi hichohicho, hivyo katika nasaba zinazolimbikiza urea ondoa kwanza mchango wake kwa kuitibu sehemu ya sampuli kwa urease. Mwenye kromatografia ya kiowevu cha shinikizo kubwa atatenganisha vyote hivi kwa mara moja, na kwa safu ya asidi za kikaboni ataipata pia asidi ya 3-hidroksipropioniki katika lishe ya urasili. Kuipata hiyo, huku dihidrourasili ikikosekana, ndiko kuliko karibu zaidi na uthibitisho.

Kutumia hamira kupima jeni za viumbe vingine

Nasaba za PYD zina matumizi yanayovuka hamira yenyewe. Mwaka 2003 kundi la Piškur lilionyesha kwamba jeni za kimeng'enya cha hatua ya pili kutoka kwa kuvu-ute, mmea na mdudu ziliweza kuziba pengo la nasaba ya PYD2 na kuiwezesha tena kuota kwa dihidrourasili. Utaratibu ni uleule: ingiza jeni unayoishuku kwa plasmidi, osha, tia njaa, dondosha, subiri. Ikiota, jeni hiyo imefanya kazi ndani ya seli hai, jambo ambalo kulinganisha mifuatano ya herufi katika kompyuta hakuwezi kukuhakikishia.

Umuhimu wake kwa tiba ni wa moja kwa moja. Dawa ya saratani iitwayo 5-fluorourasili, inayotumika duniani kote, zikiwemo hospitali za Afrika Mashariki, huvunjwa mwilini kwa hatua zilezile tatu zinazoivunja urasili, na zaidi ya asilimia 80 ya kipimo anachopewa mgonjwa huondolewa kwa njia hiyo. Mtu aliyerithi kimeng'enya dhaifu cha hatua ya kwanza hubaki na dawa nyingi mwilini na anaweza kufa kwa kipimo kinachomsaidia mwenzake. Miongoni mwa mabadiliko ya jeni ya kimeng'enya hicho, iitwayo DPYD, lipo moja, Y186C, ambalo hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika na ambalo vipimo vilivyobuniwa kwa kufuata wagonjwa wa Ulaya vinaweza kulipita bila kuliona. Hatua hii ya kwanza L. kluyveri haina, hivyo haiwezi kutumika kama kielelezo chake moja kwa moja. Hatua ya pili inaweza: mabadiliko ya kimeng'enya cha binadamu yanaweza kuwekwa katika nasaba ya PYD2 na kuulizwa kama yanaiotesha.

Kwa hatua ya tatu pawe na tahadhari. Kimeng'enya cha PYD3 hufanya kazi ileile ya kile cha binadamu, lakini si ndugu yake. Umbo lake, lililochambuliwa kwa fuwele na kutangazwa mwaka 2003, linakiweka katika ukoo wa vimeng'enya vinavyokata protini kwa msaada wa atomu mbili za zinki, ilhali cha binadamu ni cha ukoo wa nitrilase. Kwa hiyo jeni ya binadamu inaweza kupimwa ndani ya nasaba ya PYD3, kwa kuwa seli inajali tu kama kazi imefanyika. Lakini kubadilisha amino asidi fulani katika PYD3 ya hamira na kuhitimisha kwamba badiliko hilohilo lingemdhuru mgonjwa ni hoja isiyosimama, kwa sababu vimeng'enya hivyo viwili havina nafasi zinazolingana za kulinganishwa.